Viatu vya Kupandia Ubao

Siku niliyoripoti kazini, Bwana Mratibu aliangalia viatu vyangu kabla hajaiangalia barua yangu ya ajira. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake pale Sumbawanga, kijana mwembamba, barua nimeishika kwa mikono miwili. Viatu vilikuwa vya kaka yangu, vyeusi, nimevipiga kiwi tangu alfajiri. Alivitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, ndipo akanyoosha mkono kuichukua barua.

"Kazi yetu ni miguu," alisema. "Mtu asiyejali miguu yake mwenyewe atajalije ya wengine?"

Nililipenda neno hilo mno, nikalibeba miaka mingi. Nyie vijana mnaoingia kwenye kazi hii ya tiba kwa mazoezi mmeniomba mara kadhaa niwaandikie ilikuwaje enzi zetu, na kila mara nimewaandikia sehemu nzuri. Nimewaandikia safari, magari yaliyokwama kwenye tope, watoto waliokuja wamebebwa mgongoni wakaondoka wanatembea. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna mtoto mmoja wa Majimoto ambaye sijawahi kumwandika, na ndiye aliyenifundisha kazi kuliko mtu mwingine yeyote. Sikumwandika kwa sababu naona aibu, na aibu hiyo haijapungua hata baada ya kustaafu.

Bwana Mratibu, kwa cheo chake kamili, alikuwa Mratibu wa Huduma za Marekebisho wa mkoa. Wakati huo Katavi haikuwa mkoa, Mpanda yote ilikuwa chini ya Rukwa, kwa hiyo wakubwa wetu walikaa Sumbawanga na sisi wa Mpanda tulikuwa watoto wa mbali. Alikuwa mtu mfupi, msafi, anayeongea polepole utadhani anakuandikisha imla. Alinifundisha kwa miezi kadhaa kabla ya kunipeleka kituoni, na somo lake kubwa lilikuwa mizani ya mwili, yaani uwezo wa mtu kusimama na kutembea bila kuanguka.

"Mizani ina milango mitatu," alikuwa akisema, na sisi tunaitikia kama darasa la kwanza. Mlango wa kwanza ni macho, yanayomwambia mtu ukuta uko wapi na shimo liko wapi. Wa pili ni sikio la ndani, kule kwenye vijifereji vyenye maji vinavyoeleza kichwa kimeinamia upande gani. Wa tatu ni nyayo, zinazoisoma ardhi. Mlango mmoja ukiwa na hitilafu, fanya mazoezi ya kuimarisha ile mingine. Niliweza kulisema somo hilo hata usingizini. Nawaomba mlikumbuke, kwa sababu ujinga wangu wote umo ndani yake.

Nikapelekwa Mpanda. Jina la hospitali naliacha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu na si lake. Nilipewa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, nikakisafisha mwenyewe, nikapaka chokaa. Fundi seremala wa hospitali alinitengenezea vifaa kwa mbao za mninga. Kwanza ubao wa mizani, urefu wa hatua nane, upana wa vidole vinne, unaolazwa juu ya matofali ili mtoto atembee juu yake akiweka kisigino mbele ya kidole. Kisha ubao wa kuyumba, ambao ni duara lililopigiliwa nusu gogo chini yake, ukisimama juu unacheza huku na huku. Nilikuwa pia na mabomba mawili ya maji yaliyolazwa sambamba ya kushikilia, mkeka, na shuka nene la kubembezea watoto. Nilijiona nina chuo kizima.

Ukutani nilibandika masharti niliyoyaandika kwa mkono wangu. La kwanza lilikuwa kufika kwa wakati. La pili: Hakuna kupanda ubao peku. Bwana Mratibu alikuwa ameagiza usafi, na funza walikuwepo, na saruji ilikuwa baridi. Hizo ndizo sababu nilizowapa watu. Sababu yangu mwenyewe ilikuwa kwamba nimekulia peku, nimechekwa peku, na sikutaka chumba changu kifanane na nilikotoka.

Muuguzi Mkuu wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kutosha wodi mbili, alilisoma lile sharti akacheka. "Wewe baba, hata malaika akishuka hapa bila viatu utamrudisha mbinguni akavae."

"Akavae tu," nikamjibu. Tukacheka wote.

Watoto waliokuja kwangu walikuwa wa kila namna. Wengi walikuwa na mtindio wa ubongo, mikono na miguu imekakamaa. Wengine walikuwa na viungo vizima kabisa lakini hawakuangalii usoni, hawajibu wakiitwa, wanaziba masikio mlango ukigongwa, wanazungusha kifuniko cha chupa asubuhi nzima. Siku hizi neno lipo, usonji, linasemwa hata redioni. Sisi hatukuwa nalo. Kwenye faili tuliandika taahira, tukageuza ukurasa. Nililoliona ni kwamba wengi wao walikuwa na shida ya mizani: wanajikwaa, wanatembelea ncha za vidole, wanaogopa ngazi. Kwa hiyo niliwapokea na kuwafanyisha mazoezi, na kwa hilo nilisifiwa, maana sehemu nyingine walikuwa wanarudishwa nyumbani.

Kabula alikuja mwanzoni mwa kiangazi, ana umri wa miaka minane hivi. Mama yake alikuwa Msukuma, mmoja wa watu waliohamia Mpimbwe na ng'ombe wao wakaishia kulima mpunga Majimoto. Walikuwa wamepanda lori siku nzima kupita Kibaoni na Sitalike, wakafikia kwa kaka wa mama huyo, mtaa wa Kawajense hapo Mpanda. Mama Kabula alipiga goti kidogo mlangoni, akanisalimia, akanieleza shida yake.

Mtoto hasemi. Anaimba tu, wimbo mmoja usio na maneno. Anapenda kupanga punje za mpunga kwenye mstari mmoja mrefu, ukimvurugia analia mpaka jioni. Lakini Mwalimu Mkuu wa shule ya kwao alikuwa mtu mwenye huruma, alikuwa amekaa na Kabula akaona anapanga herufi kama anavyopanga punje. Alikubali kumpokea darasa la kwanza mwezi wa kwanza. Shida ilikuwa njia. Kwenda shuleni lazima uvuke mfereji mkuu wa maji ya mashamba, na daraja lake lilikuwa gogo. Mwaka uliotangulia mtoto mwingine alianguka pale akavunjika mkono, na Mwalimu Mkuu alilaumiwa na kijiji kizima.

"Ameniambia nilete barua ya hospitali," mama alisema. "Iandikwe kwamba miguu yake inaweza. Akiiona barua, anamwandikisha. Nafasi anamshikia mpaka mwezi wa kwanza."

Hilo ndilo walilolifuata. Barua moja.

Wakati mama anaongea, Kabula alikuwa ameshaingia ndani na kusimama karibu na ubao wangu, anautazama. Alikuwa peku. Miguu yake ilikuwa mipana, vidole vimeachana, kisigino kimepasuka kwa matope ya majaruba ya mpunga. Aliinua mguu mmoja kuuweka juu ya ubao.

"Mtoe," nikasema. "Hajavaa viatu."

Mama alishtuka, akamvuta binti yake haraka. Alijisikia vibaya, niliona. Kwa watu wetu hospitali ni mahali pa heshima, mtu anavaa nguo yake ya kanisani kwenda kupimwa malaria, na mimi nilikuwa nimemwambia mbele za wenzake kwenye benchi kwamba hakujua heshima. Kesho yake alirudi na mtoto amevaa viatu vya shule vya mtoto wa kaka yake. Vilikuwa vyeusi, vya kamba, vimempita kwa vidole viwili, na mbele vimejazwa matambara. Nikamsifu. Nikasema, "Sasa tunaweza kufanya kazi."

Tulifanya kazi wiki sita. Nawaeleza nilivyofanya kwa sababu mazoezi yenyewe yalikuwa sahihi, na bado yanafaa. Tulianza na kubembea. Mimi na mama tunashika pembe za shuka, mtoto analala katikati, tunambembeza polepole kushoto na kulia, baadaye mbele na nyuma, ili sikio la ndani lizoee. Kabula alipenda sana. Alicheka ndani ya shuka, kicheko kinene, na tulipoacha alitushika mikono akaturudishia pembe za shuka ili tuendelee. Halafu kuruka kwenye mkeka. Halafu kusukuma ukuta kwa viganja, kwa kuwa watoto wa aina yake wakisukuma kitu kizito wanatulia. Halafu kusimama mguu mmoja nikihesabu. Mambo yote tuliyapanga kwa mpangilio uleule kila siku, hilo nilijifunza mapema, maana ukigeuza mpangilio siku imeharibika.

Mwisho ubao. Hapo ndipo tuliposhindwa. Hatua ya kwanza anaweka, ya pili kiatu kinageuka, anaanguka. Siku baada ya siku. Kila alipoanguka alikaa chini na kuanza kuvuta kamba za viatu, na mimi ninapiga goti namfunga tena. Akawa mwepesi wa kuzifungua, nami nikaanza kufunga mafundo mawili. Alikuwa analia, si kwa sauti, anauvumisha puani ule wimbo wake juujuu huku akipiga visigino sakafuni. Niliandika kwenye faili: mkaidi.

Wiki ya tatu mama yake aliniuliza, akitazama chini. "Baba daktari, samahani. Tukimvua?"

"Tukimvua nini?"

"Viatu. Nyumbani hana viatu. Labda amevichukia."

Jamani, mama yule alinipa jibu mkononi. Mimi mwenye milango mitatu, mimi niliyeimba nyayo zinasoma ardhi, nilikuwa nimezifunga nyayo za mtoto ndani ya ngozi na matambara, nikamwambia asome. Na hata alipoambiwa hivyo, mtaalamu akakunja uso.

"Mama, hapa ni hospitali. Hapa si jarubani."

"Haya, baba," akasema. Hakuuliza tena.

Mwisho wa wiki ya sita nikampima rasmi. Majaribio matano, kaanguka mara tano. Nikakaa mezani nikaandika barua kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mtoto huyu hana mizani ya kutosha kupita kwa usalama penye njia nyembamba, na kwamba apimwe tena baada ya mwaka mmoja. Nikagonga muhuri. Mama Kabula hakujua kusoma, akaniomba nimsomee. Nilimsomea neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akaikunja barua mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akanishukuru. Akatoa kwenye kikapu mfuko wa mchele waliokuja nao kutoka Majimoto, akaniachia. Mchele ule niliula wiki nzima, na ulikuwa unanukia.

Nakala ya barua niliiweka kwenye ripoti ya robo mwaka. Bwana Mratibu aliipenda. Alipokuja kukagua alinisimamisha mbele ya wafanyakazi wote akasema, "Wengi wanaandika barua za kufurahisha wazazi. Huyu ameandika ukweli. Kukataa nako ni tiba." Akaniita Sumbawanga niisome ripoti ile kwenye kikao cha mkoa kama mfano. Niliisoma nimevaa suti ya kuazima, viatu vinang'aa, na walinipigia makofi.

Mvua zilipoanza, mwezi wa kumi na mbili, hospitali ilipeleka kliniki ya mkoba upande wa Mpimbwe, yaani gari linabeba chanjo, mizani ya watoto wachanga na sisi watu wa idara mbalimbali, tunahudumia watu vijijini kwao. Tulifika Majimoto asubuhi. Foleni yangu ilikuwa fupi, nikamaliza, nikatoka kunyoosha miguu kuelekea mashambani. Majaruba yalikuwa yamejaa maji, watu wameinama wanapanda miche.

Nilimsikia kabla sijamwona. Ule wimbo usio na maneno. Nikasimama kwenye tuta la kwanza.

Kabula alikuwa anatembea juu ya kingo za majaruba, peku, amebeba kidumu cha maji kichwani. Mwenye kuijua kazi ya mpunga anajua kingo hizo zilivyo, udongo mtupu uliosukumwa kwa jembe, unateleza kama sabuni, mahali pengine upana wake hata vidole vinne haufiki. Alikuwa anapita upesi. Niliangalia miguu yake. Kila hatua vidole vinafunguka, vinaubana udongo, vinaachia. Alipofika kwenye kona alisimama mguu mmoja, akageuka, akaendelea. Mbele yake palikuwa na mfereji mkuu na lile gogo. Alilipita bila kupunguza mwendo, na kidumu hakikudondosha maji.

Mashambani wanawake walikuwa wameinama, nikaona hakuna aliyeniangalia. Nikageuka nikarudi garini. Muuguzi Mkuu aliniuliza mbona nimekaa kimya, nikasema kichwa kinaniuma.

Bado kulikuwa na wiki tatu kabla ya shule kufunguliwa. Naomba mlielewe hilo vizuri, msije mkanitafutia kisingizio. Wiki tatu. Malori ya Majimoto yalikuwa yanapita Mpanda kila siku mbili, dereva yeyote angebeba barua. Nilihitaji kuandika mistari miwili tu: nimemwona mwenyewe, anaweza, aandikishwe.

Niliianza barua ile mara tatu. Mara ya kwanza nilifika kwenye neno "nilikosea" nikaichana. Mara ya pili nikajaribu kuiandika bila neno hilo, kwamba mtoto ameonyesha maendeleo ya ghafla, nikaona hata mimi mwenyewe siiamini. Mara ya tatu niliiandika vizuri, nikaigonga muhuri, nikaiweka kwenye droo nisubiri Bwana Mratibu apite, kwa sababu ripoti ya kwanza ilikuwa kwake.

Alipita wiki ile ile. Tukazunguka chumba, akauliza habari za vifaa, akaangalia masharti ukutani. Alipokuwa anafunga begi lake akasema, "Una lingine?"

Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya. Leo naamini angenisikiliza. Angekasirika, angenigombeza, na pengine yeye mwenyewe angechukua kalamu. Nilikuwa na barua ndani ya droo, mkono wangu uko juu ya droo.

"Hapana, mkubwa," nikasema. "Hakuna lingine."

Akaondoka. Barua ikabaki ndani, na mwezi wa kwanza ukapita.

Nilijipa moyo kwamba mwaka si mwingi, atapimwa tena, nitamvua viatu, nitaandika barua nzuri, hakuna atakayeaibika. Lakini hawakurudi. Kliniki ya mkoba ya mwaka uliofuata ilipofika Majimoto, nilimuuliza mhudumu wa zahanati habari za mtoto anayeimba. Akasema yule Mwalimu Mkuu alishahamishwa. Aliyekuja badala yake alikuwa amesema wazi kwamba shule yake haipokei mtoto asiyesema, awe na barua au asiwe nayo. Mama alikwenda mara mbili, mara ya pili hakufunguliwa mlango wa ofisi.

Niliporudi Mpanda nilibandua lile sharti la pili ukutani. Sikumwambia mtu sababu. Nikaanza kuwavua watoto viatu, kila mtoto, kabla ya zoezi lolote. Nikamwaga mchanga kwenye trei, na pumba za mpunga kwenye nyingine, na udongo wa mfinyanzi uliolowa, nikawa nawapitisha humo kwanza ili nyayo ziamke, ndipo ubaoni. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kutoka Mishamo, familia ya asili ya Burundi, anatembelea ncha za vidole na kuanguka kila baada ya hatua kumi. Baada ya miezi mitatu alitembea ubao wote. Baba yake alilia. Nikawa natumwa Kasekese, Sibwesa, kila mahali penye zahanati, kuonyesha wenzangu mazoezi ya peku. Bwana Mratibu, akiwa amekaribia kustaafu, alikuja kuona. Alisimama muda mrefu akitazama watoto na miguu yao yenye udongo kwenye saruji yangu.

"Umelitoa wapi wazo hili?" akaniuliza.

"Nilifikiria tu mwenyewe, mkubwa."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na naona ulikuwa mbaya kuliko ule wa droo. Wa kwanza niliogopa. Huu nilijipendekeza.

Miaka ikaenda. Neno usonji likaja kwenye semina, nikajua hatimaye hali ya Kabula inaitwaje. Walimu wa semina wakaeleza kwamba baadhi ya watoto hawa ngozi yao inasikia kuliko yetu, na kitambaa au kiatu kinaweza kuwa mateso kwao. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nilikumbuka yale mafundo mawili ya kamba, nikatoka nje nikajifanya nakwenda kunywa maji.

Nilipostaafu waliniandalia sherehe kwenye ukumbi wa hospitali. Kulikuwa na pilau na soda, na Mganga Mkuu wa siku hizo, kijana ambaye alikuwa hajazaliwa nilipopaka chokaa kile chumba, alisoma hotuba. Akaniita mbunifu wa mazoezi ya peku. Akanikabidhi cheti chenye fremu, na zawadi juu yake. Nilifungua boksi mbele ya watu. Ilikuwa jozi ya viatu vyeusi vya ngozi. Kila mtu alicheka kwa furaha, kwa vile wote walijua ninavyopenda viatu. Nilishindwa kutoa hotuba. Walidhani ni machozi ya kuagwa.

Wiki iliyofuata nilipanda basi kwenda Majimoto. Pamebadilika, bodaboda wamejaa, soko limekuwa kubwa, mfereji una daraja la zege. Nilimuuliza mwendesha bodaboda kama anamfahamu Mama Kabula, akanipeleka moja kwa moja. Mama alikuwa amekaa nje anapepeta mchele kwenye ungo. Amezeeka, kama mimi. Alinitambua kabla sijashuka.

"Karibu, baba daktari," akasema, na kuniletea kiti.

Kabula alikuwa uani. Ni mtu mzima sasa, mrefu, mwenye mabega ya kazi. Alikuwa anapanga mafiga ya kupikia, anauimba ule wimbo kwa sauti ya chini. Hakuniangalia, lakini aliangalia viatu vyangu, akaondoka akaingia ndani.

Nilikuwa nimejitayarisha njia nzima. Nilimwambia mama yote, sikuacha kitu. Kwamba viatu vilikuwa kosa langu, kwamba aliponiuliza "tukimvua" alikuwa sahihi na mimi nilikuwa mjinga. Kwamba nilimwona Kabula juu ya kingo, nikamwona anavuka gogo, na shule ilikuwa haijafunguliwa. Kwamba barua niliiandika ikalala kwenye droo. Nikamwomba msamaha.

Mama Kabula alikuwa ameacha kupepeta.

"Nilikuona," akasema.

Nikadhani sikumsikia vizuri.

"Siku ile. Ulisimama kwenye tuta la kwanza, una shati jeupe. Nilikuwa nimeinama, nikakuona kupitia chini ya mkono wangu. Nikasema moyoni, sasa ameona. Sikukuita, nisije nikaharibu. Jioni nikamwambia baba yake, barua inakuja. Nikamfulia sare." Aliuweka ungo chini. "Nilikuwa naenda barabarani kila lori likitoka Mpanda. Nauliza kama wamenibebea karatasi. Mpaka shule ikafunguliwa nilikuwa naenda. Nilidhani imepotea njiani, baba. Miaka yote hii nimekuwa namlaumu dereva."

Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Kwa nini hukuileta?"

"Niliona aibu, mama."

Usoni mwake hamkuwa na hasira. Alikuwa hajaelewa.

"Aibu ya nini?" akasema. "Si ulikuwa umeona mtoto anatembea?"